Pembea za Sikukuu: Kutoka Mnazi Mmoja Mpaka Ghubra



Mimi mzima, alhamdulillah, bado nipo hapa Ghubra na zamu zangu za usiku. Asanteni kwa picha za sikukuu, nimeziangalia mpaka simu ikazimika! Mtoto wa dada yangu aliniuliza juzi, "Mamdogo, huko Maskati kuna pembea?" Nikamwambia zipo, lakini za umeme, tena nyingi zimo ndani ya maduka makubwa. Akafikiri kidogo, kisha akaniuliza, "Kwani kuna pembea zisizo za umeme?"

Haya jamani! Mtoto wa Unguja huyo, tena wa mjini. Basi leo sitaandika habari za joto wala za kodi ya nyumba. Leo naandika historia ya pembea zetu na viburudisho vingine vilivyokufa, kwa sababu waliovijua wanaondoka mmoja mmoja, na mimi kwa kazi yangu ya uuguzi naliona hilo kila mwezi.

Kwanza tuelewane ni pembea ipi. Siisemi kamba iliyofungwa kwenye mwembe. Naisema ile ya sikukuu, gurudumu la mbao. Nguzo mbili zimechimbiwa ardhini, katikati umepita mhimili, mikono minne imepishana kama msalaba, na kila ncha ya mkono inaning'iniza kisanduku cha kukalia watoto wawili watatu. Hakuna injini wala mkanda wa kujifunga. Kuna vijana wenye misuli tu, mmoja anavuta chini, mwenzake anasukuma juu. Mwenye pembea akisimamisha ili wa chini washuke, wewe uliye juu unabaki unaning'inia, roho mkononi, unaiona bahari na minara ya misikiti. Wazee wananiambia utamu wenyewe ulikuwa hapo hapo juu, pembea iliposimama.

Watu wengi wanadhani gurudumu la namna hii ni uvumbuzi wa Mmarekani. Ni kweli kwamba mwaka 1893, kwenye maonyesho makubwa ya Chicago, mhandisi George Ferris alisimamisha gurudumu la chuma lenye urefu wa mita 80 hivi. Lilikuwa na vyumba 36, na kila chumba kiliingia watu 60. Dunia nzima ikalisifu, Waingereza wakaliita kwa jina lake mpaka leo. Gurudumu lenyewe lilivunjwa mwaka 1906. Lakini hebu rudini nyuma. Mwaka 1615 msafiri wa Kitaliani, Pietro Della Valle, alikuwa Istanbul wakati wa sherehe za Ramadhani, akaona gurudumu la kupandisha watu, akalipanda mwenyewe na kulifurahia. Mwaka 1620 Mwingereza Peter Mundy akaziona pembea kama hizo Plovdiv, mji ambao sasa uko Bulgaria na wakati ule ulikuwa chini ya Waturuki. Kwa hiyo pembea za sikukuu za Waislamu zilikuwa zinazunguka miaka 278 kabla ya Chicago! Mtoto akikwambia pembea ni ya kizungu, mwambie hivyo.

Kwetu Unguja, uwanja wa sikukuu ulikuwa Mnazi Mmoja. Mnapita hapo kila siku kwa daladala kwenda hospitali au ofisini, pengine hamfikirii. Angalieni vizuri mahali penyewe palipo. Upande mmoja Mji Mkongwe na nyumba zake za mawe, upande wa pili Ng'ambo. Jumba la makumbusho lenye kuba jeupe, Beit el Amani, liko hapo hapo pembeni tangu mwaka 1925. Siku za kawaida, wakati wa ukoloni, kila watu walikuwa na upande wao. Sikukuu ikifika, watu wa pande zote mbili walishuka uwanjani na nguo mpya, wanawake na kanga mpya, watoto na mkono wa Idi umefumbatwa mpaka senti zinatoa jasho. Ngoma huku, wauza kashata na njugu kule, na katikati pembea zinalia kwa ule mlio wa mbao kusuguana na mbao. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ya nne. Wenzetu wa Mombasa nao walikuwa na uwanja wao wa Makadara, wanaijua habari hii.

Kabla sijafika kwenye mambo mazito, niseme kidogo juu ya treni, maana nayo ilikuwa kiburudisho na nayo imekufa. Wengi mnaijua ile ya Bububu. Ya kwanza ilikuwa ya Sultani Barghash. Mnamo 1879 alitandika reli ya maili 7 kutoka kasri yake mjini mpaka kasri ya Chukwani. Mwanzoni mabehewa mawili yalivutwa na nyumbu, kisha mwaka 1881 akaagiza kichwa cha treni kutoka kiwanda cha Bagnall, Uingereza. Alipofariki mwaka 1888 reli nayo ikang'olewa. Ilikuwa pembea ya mtu mmoja, mwenyewe alipoondoka ikasimama.

Ya Bububu ilikuja baadaye, mwaka 1905, ikajengwa na kampuni ya Kimarekani ya Arnold, Cheney. Hiyo ilibeba watu wa kawaida na vikapu vyao, ikatoka mjini ikapita barabarani kabisa kando ya nyumba za watu. Katika miaka ya 1920 barabara zikatengenezwa, magari yakaja, abiria wakahamia huko. Tulipokuwa skuli tuliambiwa kwamba jina la Bububu limetokana na mlio wa treni, bu-bu-bu. Hadithi nzuri, lakini si kweli. Bibi Salme binti Said, yule binti wa Seyyid Said aliyeolewa na Mjerumani, alichapisha kitabu chake mwaka 1886 na anaitaja Bububu, alikuwa akiishi huko. Treni ilikuwa bado miaka 19 kuja! Nalisema hili kwa sababu moja. Kitu kikifa bila watu kuandika habari zake, watu hujaza pengo kwa hadithi tamu. Naogopa pembea nazo zitafanyiwa hivyo hivyo.

Sasa niwaelezeni jirani yangu. Sitamtaja jina, mwenyewe kaniambia niandike lakini nisimtaje. Ni bibi wa Kiomani aliyezaliwa Unguja, Mji Mkongwe, na Kiswahili chake ni kitamu kuliko changu. Hapa Ghubra wako wengi wa namna hiyo. Walikuja Omani katika miaka ya 1970, baada ya Sultani Qaboos kushika nchi Julai 1970 na kuwaita Waomani waliotawanyika nje warudi. Anasema walipofika walikuta Maskati yenye mchanga mwingi na taa chache. Mtambo wa hapa Ghubra wa kugeuza maji ya bahari kuwa ya kunywa ulianza mwaka 1976, na yeye anayapima mambo yote kwa mtambo huo: "kabla ya maji" na "baada ya maji".

Mimi humpima presha nikitoka kazini, naye hunipa kahawa na halua. Siku moja kaniuliza, "Mwanangu, pembea za Mnazi Mmoja zipo bado?"

Nikamwambia, "Hazipo tena, Bi Mkubwa. Watoto siku hizi wanakwenda Kariakoo na Forodhani."

Akanisimulia kwamba mara ya mwisho kupanda ilikuwa Idi Kubwa ya mwaka 1963, yeye ana miaka 9. Nilihesabu, Idi hiyo ilikuwa mwanzoni mwa Mei. Kaka yake alimlipia mizunguko mitatu, na katika mzunguko wa tatu kiatu chake kimoja kilianguka kutoka juu. Mpaka leo anacheka akikisema kiatu hicho. Kisha hucheka kidogo kidogo mpaka akanyamaza. Desemba 10 mwaka huo huo Zanzibar ikapata uhuru, na Januari 12, 1964, yakawa Mapinduzi. Ramadhani iliingia siku chache tu baadaye, na Idi ikaangukia katikati ya Februari. "Idi hiyo hatukutoka mlangoni," ndivyo anavyosema. Hasemi zaidi ya hapo, na mimi siulizi.

Nilipokuwa nasikiliza nikamkumbuka babu mzaa mama, Mungu amrehemu. Nyinyi mnajua alikuwa mtu wa Ng'ambo hasa. Yeye naye alikuwa na habari zake za pembea, ila zilikuwa tofauti. Alikuwa akisema senti za pembea hakuwa nazo. Alikuwa kijana, akisukuma gurudumu tangu alasiri mpaka magharibi, na malipo yake ni kupanda mara moja watu wakishapungua. Baada ya Mapinduzi, Serikali ilipoweka kiwanja cha kufurahishia watoto Kariakoo, huku kwetu Ng'ambo, yeye aliona ni haki imefika. Aliwapeleka watoto wake wote, mama yangu mmoja wao, wakapanda mashine za chuma. Kwake yeye mwaka 1964 haukusimamisha pembea. Ulimpandisha.

Nina masimulizi haya mawili kichwani na siwezi kulitupa hata moja. Siwezi kuwaambia kwamba zamani Mnazi Mmoja kila mtu alimpenda mwenziwe, kwani Juni 1961 ghasia za uchaguzi ziliua watu 68 katika kisiwa hiki kidogo. Walioshuka uwanjani pamoja siku ya Idi, siku nyingine walitazamana kwa macho mengine. Lakini pia siwezi kusema ile furaha ya mtoto wa miaka 9 ilikuwa ya uongo. Nilimweleza Bi Mkubwa habari za babu, kwamba alikuwa akisukuma. Nilikuwa na wasiwasi atalichukuliaje. Akakaa, akazungusha kikombe chake, akasema, "Basi huenda ni yeye aliyekuwa akinizungusha." Tukaacha hapo.

Kile kiwanja cha Kariakoo nacho kina historia yake. Rika langu tulikikuta kimechoka. Miaka ya 1990 mashine nyingi zilikuwa zimesimama na kutu imekula, na sisi tulikuwa tunakwea vyuma vilivyokufa na kujifanya vinakwenda. Naona haya kusema, lakini hiyo nayo ilikuwa raha! Katika muongo wa 2010 Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, ZSSF, ukakijenga upya, na Pemba wakajengewa chao Tibirinzi. Watoto wenu wanafaidi, alhamdulillah. Ila angalieni: pembea ya mbao ikafuatwa na ya chuma, ya chuma ikafuatwa na ya umeme, na kila mara watu walioipenda ile ya kwanza wakasema sikukuu imekwisha. Sikukuu haikwisha. Kilichokwisha ni ile ya kwao.

Na msidhani ni sisi tu. Hapa Omani, kabla ya Idi, miji kama Nizwa na Fanja huwa na soko la sikukuu liitwalo habta, mbuzi na ng'ombe wananadiwa, watoto wananunuliwa vitu vyao. Habta zipo mpaka sasa, lakini vijana wengi wa mjini wanazijua kwa picha tu. Huku Maskati watu wa umri wangu hulilia kitu kingine. Bustani kubwa ya Qurum ilifunguliwa mwaka 1993, na kuanzia mwaka 1998 likawa linafanyika Tamasha la Maskati kila msimu wa baridi, kuna pembea, fataki, ngoma za kila mkoa na wanawake wanaopika mikate myembamba mbele ya macho yako. La mwaka 2019 lilikuwa la mwisho kwa jina hilo. Januari 10, 2020, Sultani Qaboos alifariki, tamasha la mwaka huo likafutwa siku chache kabla ya kuanza, kisha ikaja korona na sisi wauguzi tunajua iliyobaki. Mwaka 2023 sherehe zikarudi kwa jina jipya, Layali Masqat, yaani Nyusiku za Maskati. Zinapendeza sana, taa tupu! Lakini mwenzangu kazini, Mwomani wa kizazi cha huku huku, aliniambia, "Si lile." Nikamjibu, hujaanza wewe kusema "si lile", sisi tumeshalisema tangu zamani.

Sasa niongee kama muuguzi, maana wengine mtaanza kusema turudishe kila kitu cha zamani. Hapana. Nimesomea kazi hii, nimeona mikono iliyovunjika na vichwa vilivyopasuka, na ninaposikia "visanduku vya mbao, hakuna mkanda" nywele zinanisimama. Wazee wanasimulia kiatu kilichoanguka. Hawasimulii sana mtoto aliyeanguka, na walianguka. Mbao huoza kwa ndani bila kuonekana, msumari hulegea, na kijana aliyesukuma tangu alasiri huchoka. Vitu hivyo havikuwa na mtu wa kuvikagua.

Na kuna kiburudisho kimoja cha Idi ambacho sikitamani kirudi kabisa. Mnakumbuka disko toto? Sisi tuliokuwa wadogo miaka ya 1990 na 2000 tulikililia. Oktoba 1, 2008, siku ya Idi el-Fitri, watoto walijazana katika ukumbi mmoja mjini Tabora kwa ajili ya disko la sikukuu. Hewa ikawa ndogo, watu wakasukumana, na watoto wapatao 20 wakafa. Walikuwa wamevaa nguo zao mpya. Serikali ikayapiga marufuku madisko hayo. Mtu akiniambia "siku hizi wametunyima raha", mimi nawafikiria wazazi wa Tabora, ambao kila Idi ikirudi wanahesabu. Kuna viburudisho vilivyokufa kwa umasikini, vingine kwa siasa, vingine kwa sababu kuna kipya, na vingine vilikufa kwa sababu vilistahili kufa. Tusivilie vyote kwa kilio kimoja.

Kwa hiyo mimi nataka nini? Sitaki mbao zirudi. Kilichokuwa na thamani pale Mnazi Mmoja ni watu wa pande mbili kukaa kwenye kisanduku kimoja, mwenye senti na asiyekuwa nazo, japo mmoja alikaa na mwingine alisukuma. Hiyo haikai kwenye mashine, inakaa kwenye kumbukumbu za watu, na kumbukumbu hizo ziko mahali pawili: Ng'ambo yetu, na vyumba vya wageni vya Ghubra, Bausher na Seeb. Nusu ya habari iko huko, nusu iko huku, na wenye nusu hizo wana miaka 70 na 80. Kwenye wodi nimekaa na wazee wanaosahau majina ya watoto wao lakini wanakumbuka uwanja wa sikukuu. Hiyo ndiyo kumbukumbu inayoondoka mwisho. Ikiondoka bila kuandikwa, wajukuu wetu watapewa bu-bu-bu.

Sasa ombi langu, na hili ndilo hasa lililonifanya nikae kuandika usiku huu badala ya kulala. Bi Mkubwa anakuja Unguja. Amekata tikiti, anakuja na wajukuu wawili, wiki ya pili baada ya Idi Kubwa. Hajakanyaga huko tangu alipoondoka na mama yake. Jamaa zake wa karibu hawapo tena, na hoteli hataki. Nimemwambia kwetu kuna chumba. Mama, najua hutanikatalia, godoro la chumba cha uani libadilishwe kwa sababu ana mgongo. Presha yake ipimwe asubuhi, dawa zake nimeziandika kwenye karatasi kwa Kiswahili na Kiingereza.

Siku ya pili au ya tatu, jua likishapungua, mpelekeni Mnazi Mmoja. Msimwahidi pembea. Mwacheni atembee mwenyewe, mmoja akae karibu naye tu asije akajikwaa. Wale wenye ndimi kali (mnajijua!) naomba habari za vyama na za nani alimfanyia nini nani mziache nyumbani siku hiyo. Akitaka kusema, atasema. Mjomba naye aje, kwa sababu alikuwa akimfuata babu uwanjani akiwa mdogo na anajua ni wapi nguzo zilichimbiwa. Wakae wote wawili kwenye benchi, mnunulieni kila mmoja kashata. Na mtoto wa dada yangu awepo, na simu ya mama yake, arekodi sauti.

Nikipata mtandao mzuri nitawapigia siku hiyo. Nyinyi wengine wenye picha za zamani za sikukuu ndani ya masanduku, zipigeni picha kwa simu mnitumie kabla mchwa hawajazipitia, na nyuma ya kila picha andikeni ni nani na ni mwaka gani.

Nisalimieni wote, wadogo kwa wakubwa. Zamu yangu inaanza saa 1 jioni, acha nilale kidogo.

Wassalaam,
ndugu yenu wa Ghubra